Kutengeneza Kaa Mkubwa wa Maonyesho ya Halloween: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya ni kwa ajili ya mafundi, wapambaji wa hoteli, walimu wa sanaa na vijana wa Unguja wanaoombwa kutengeneza kiumbe kikubwa cha kutisha kwa usiku wa Halloween, na ambao hawataki kuagiza buibui wa plastiki kutoka nje. Mfano tunaoufuata ni mmoja: kaa mwenye upana wa mita tatu na nusu, aliyesimama bustanini au kwenye ukumbi wa wazi, macho yakiwaka na gando moja likipanda na kushuka. Atakayeielewa kazi ya kaa huyu ataweza pia kutengeneza nge, pweza au zimwi, kwa kuwa kiunzi, ngozi na taa havibadiliki sana.

Halloween ni nini, na kwa nini mapambo yake huwa makubwa?

Ni usiku wa 31 Oktoba, mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote ya Wakristo. Asili yake huhusishwa na Samhain, sikukuu ya Waselti wa Ireland na Scotland ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi. Wahamiaji, hasa wa kutoka Ireland, waliipeleka Marekani katika karne ya 19, na huko ndiko ilikogeuka kuwa usiku wa mavazi ya kutisha, peremende za watoto na mapambo mbele ya nyumba. Ukubwa wa mapambo ni jambo la karibuni zaidi. Mwaka 2020 ilianza kuuzwa Marekani mifupa ya plastiki yenye urefu wa futi 12, yaani zaidi kidogo ya mita tatu na nusu, na mgeni aliyekwisha kuizoea hashtuliwi tena na fuvu la kuweka mezani.

Kwa nini kaa, na si buibui, joka au mifupa?

Kwanza, kaa ni wetu. Katika kisiwa cha Chumbe, kusini ya Mji Mkongwe, yuko kaa wa minazi, ambaye ni mkubwa kuliko viumbe vyote vya nchi kavu vya ukoo wa kaa, wadudu na buibui. Miguu yake ikitandazwa hufikia karibu mita moja kutoka ncha hadi ncha, na uzito wake huweza kupindukia kilo nne. Hutoka usiku, hupanda miti, na magando yake yana nguvu ya kupasua nazi. Mgeni aliyemwona mchana Chumbe, kisha akakutana usiku na nduguye mwenye ukubwa wa meza ya watu kumi, hahitaji kuelezwa kitu.

Pili, umbo lake linamsaidia fundi. Gamba lake pana huficha betri, mota na nyaya, na uzito wake uko chini, hivyo hapinduki kwa urahisi. Joka lina shingo ndefu inayotaka kuanguka mbele, na buibui ana miguu myembamba isiyoficha waya wala boliti.

Anayetaka kaa wake aaminike na ahesabu viungo vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi huharibu. Kaa wa minazi ana jozi tano. Ya kwanza ni magando, na gando la kushoto ni kubwa kuliko la kulia. Ya pili na ya tatu ndiyo miguu mirefu ya kutembelea, ya nne ni mifupi na ncha zake hubana, na ya tano ni midogo mno na kwa kawaida hufichwa ndani ya gamba. Kwa hiyo fundi hutengeneza viungo vinane tu vinavyoonekana: magando mawili yasiyolingana, miguu minne mirefu na miwili mifupi. Picha zinatosha kwa vipimo. Haifai kumkamata kaa hai wala kutafuta gamba lake, kwani huko Chumbe mnyama huyu analindwa.

Je, nikitengeneza Popobawa sitawavutia wageni zaidi?

Pengine utawavutia wageni, lakini usifanye hivyo. Mwaka 1995 habari za Popobawa, shetani anayesemwa kuwavamia watu usiku majumbani mwao, zilienea Pemba na Unguja, na watu wakawa wanalala nje kwa makundi kwa hofu. Kwa mgeni hicho ni kisa cha kusimuliwa kwenye chakula cha jioni. Kwa mlinzi wa zamu ya usiku, kwa mpishi na kwa jirani wa hoteli ni jambo waliloliishi wao au wazee wao. Ndivyo ilivyo pia kwa majini, mizimu yenye mahali pake panapojulikana, na sanda za maiti. Kaa hana historia ya aina hiyo na mtu yeyote.

Je, kazi hii haigongani na dini na mila za hapa?

Wapo wanaoona kuwa sanamu ya kiumbe chenye roho haifai kutengenezwa, na wapo wanaoona kuwa Halloween yenyewe si jambo la Muislamu kushiriki. Ukurasa huu haukusudii kutoa hukumu ya suala hilo. Linalompasa mwenye kazi ni kumwambia fundi tangu siku ya kwanza kazi ni ya nini na itawekwa wapi, na fundi akikataa asishinikizwe wala asidanganywe kuwa ni pambo la harusi. Maonyesho yawe ndani ya kiwanja cha mwenye shughuli, yasielekee msikiti wala makaburi, na sauti zote zizimwe adhana inapoadhiniwa. Damu bandia hatuipendekezi, kwa kuwa kaa haihitaji na mfuaji wa hoteli hataisamehe.

Awe mkubwa kiasi gani?

Kipimo cha kwanza ni mlango wa pahala anapotengenezwa, si uwanja anapokwenda kuwekwa. Gamba la urefu wa mita 1.4, upana wa mita 1.1 na kina cha sentimita 60 litapita kwenye mlango wa kawaida likigeuzwa kwa ubavu. Miguu na magando yafanywe vipande vinavyofunguka, kila kimoja kisichozidi mita 1.6, ili vyote viingie kwenye kirikuu bila kutokeza nyuma. Kaa akishaunganishwa atakuwa na upana wa mita tatu na nusu hivi, na gando likiinuliwa ncha yake itafika mita mbili na kidogo kutoka ardhini. Kama anakwenda Mji Mkongwe, kumbuka kuwa mitaa mingi ya huko haipitishi gari, na safari ya mwisho itakuwa ya mkokoteni au ya kichwani.

Kiunzi kitengenezwe kwa kitu gani?

Jambo kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kwamba miguu ya kaa haibebi chochote. Mzigo wote hukaa juu ya meza ya mbao iliyofichwa chini ya tumbo, yenye urefu wa mita 1.2, upana wa sentimita 80 na kimo cha mita moja, iliyoundwa kwa mbao za mbili kwa mbili na kutiwa mikingamo ya mshazari pande zote nne. Meza hiyo hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa na kuzungushiwa kitambaa cheusi, na usiku haionekani kabisa. Miguu huning'inizwa ubavuni mwa meza na ncha zake hugusa ardhi tu. Fundi anayejaribu kumsimamisha kaa wa kilo 40 juu ya miguu yake mwenyewe atamaliza nondo zake zote na kaa bado atayumba.

Gamba hujengwa kwa pete za mianzi iliyopasuliwa au fito nyembamba za mvinje, ambazo hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi wa kienyeji. Fito za mikoko tuziache, kwa kuwa ukataji wake unadhibitiwa na pwani zetu zinaihitaji mikoko hiyo isimame. Loweka mianzi usiku kucha, ipinde ikiwa na maji, uifunge kwenye umbo lake na uiache ikauke hapo hapo. Funga pete tano za kupita upana na tatu za kupita urefu, kila zinapokutana zifungwe kwa waya wa kufungia nondo uliokunjwa mara mbili, na mkia wa waya ugeuziwe ndani usije ukamchana mtu. Aliyewahi kusuka dema ana nusu ya kazi hii mikononi mwake, na kwa kweli ukimpata mvuvi wa madema mwenye nafasi, mpe yeye gamba na wewe ushughulike na miguu.

Miguu inapindwaje na kuungwaje?

Bomba la plastiki la maji la inchi moja na nusu linafaa sana, kwa kuwa ni jepesi, haliozi, na hupindika likipata joto. Plastiki ya aina hii huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi za sentigredi, kwa hiyo haihitaji moto wenyewe. Ziba ncha moja, pasha mchanga mkavu kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa, umimine ndani ya bomba hadi lijae, subiri lilainike, kisha lipinde taratibu ukiwa umevaa glovu nene na ulishikilie hadi lipoe. Mchanga uliomo ndani huzuia bomba kubonyea. Usiliweke bomba kwenye miali ya moto hata kidogo, kwa sababu plastiki hiyo ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma mapafu, na fanya kazi hii uwanjani, si chumbani.

Kila mguu mrefu uwe na vipande vitatu: kifupi cha kutokea gambani, kirefu cha kupanda juu, na kirefu zaidi cha kushuka hadi ardhini. Goti linapaswa kuwa juu kuliko gamba, na hilo peke yake ndilo linalomfanya kaa aonekane yuko tayari kukurukia. Katika maungio, chonga kipande cha fito kiingie kwa kubana sentimita 15 kila upande, toboa tundu moja linalopita bomba na fito kwa pamoja, na upitishe boliti ya milimita 6. Andika namba pande zote mbili za kila kiungo. Usiku wa kuunganisha, taa zikiwa chache na meneja amesimama nyuma yako, namba hizo zitakuokoa.

Unene wa nyama huongezwa kwa mabaki ya sponji ya godoro au magazeti yaliyofinyangwa na kuzungushiwa selotepu ya karatasi. Gando la kushoto ndilo linalostahili muda wako. Lipe mgongo uliotuna, kidole cha juu kinachopinda kama jambia, na meno yasiyolingana, manne au matano tu, kwa sababu meno mengi madogo hayaonekani kwa mbali.

Ngozi iwe ya karatasi au ya kitambaa?

Kwa kaa atakayekaa chini ya paa, karatasi inatosha. Kwa atakayelala nje hata usiku mmoja, tumia kitambaa. Vuli huanza kunyesha Oktoba na kuendelea hadi Disemba, na hakuna meneja anayeweza kukuhakikishia kuwa mvua itapita mbali na bustani yake.

Uji wa kubandikia karatasi hupikwa hivi. Korogea kikombe kimoja cha unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, mimina ndani ya vikombe vinne vya maji yanayochemka, na uendelee kukoroga kwa dakika chache mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Ukipoa, ongeza nusu kikombe cha gundi nyeupe ya seremala. Vitabu vya nje hushauri kutia chumvi ili kuzuia ukungu, lakini chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha kumrudisha kaa wako kuwa uji. Badala yake tia matone machache ya mafuta ya makonyo ya karafuu yanayotengenezwa Pemba. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, huzuia ukungu, na harufu yake ni afadhali kuliko ya uji uliochacha. Mafuta hayo yakiwa hayajachanganywa huwasha ngozi, kwa hiyo usiyapime kwa kidole.

Chana gazeti kwa mkono vipande vyenye upana wa vidole vitatu, kwa kuwa ukingo uliochanika hujificha vizuri kuliko uliokatwa kwa mkasi. Bandika matabaka manne, la kwanza kwa mapana, la pili kwa marefu, na uendelee kubadilisha hivyo. Kila tabaka likauke kabisa kabla ya jingine. Ukibandika matatu kwa mpigo, la juu litakauka na kulifungia maji la chini, na baada ya wiki utaona madoa ya kijani yakitokea kwenye rangi.

Kitambaa hufanya kazi kwa namna nyingine. Chukua shuka kuukuu za hoteli au magunia ya katani, uyachane, na uyachovye katika mchanganyiko wa ile skimu ya kulainishia kuta ikiwa imekwisha kukorogwa kuwa tope, sehemu tano, pamoja na rangi ya maji sehemu moja. Watengenezaji wa mapambo ya Halloween wa Marekani wameitumia njia ya namna hii kwa muda mrefu, na faida yake ni kwamba kitambaa hukauka kikiwa kigumu na mikunjo yake ikibaki, kama ngozi ya kiumbe cha baharini. Hasara yake ni uzito: gamba huongezeka kilo nyingi, na tope hilo halizuii maji mpaka lipakwe rangi ya mafuta juu. Ushauri wetu ni kitambaa kwenye gamba na magando, na karatasi kwenye miguu, kisha vyote vipakwe rangi ya mafuta tabaka la mwisho.

Nianze lini?

Mwanzoni mwa Septemba, wakati jua lipo na vuli bado. Anayeanza wiki mbili kabla hana muda wa kukausha, na kukausha ndiyo kazi yenyewe. Feni inasaidia. Moto wa mkaa chini ya gamba hausaidii, na una hatari yake.

Rangi gani zinafaa usiku?

Kaa wa minazi wengine wana rangi ya zambarau inayoelekea buluu, na wengine ni wekundu wa matofali. Usiku buluu humezwa na giza, kwa hiyo chagua wekundu, au weka zambarau chini na uipitishie wekundu juu ya sehemu zilizotuna. Anza kwa kupaka kaa mzima rangi nyeusi yenye kahawia, hadi ndani ya mikunjo. Ikikauka, chovya brashi pana katika rangi nyekundu, ifute karibu yote kwenye kitambaa, kisha ipitishe kijuujuu ili ishike kwenye matuta tu. Rudia kwa rangi ya chungwa, kidogo zaidi, kwenye magoti, meno ya gando na ukingo wa gamba. Mashimo yatabaki meusi, na mwanga ukija kutoka pembeni kaa ataonekana ana kina ambacho hakikuchongwa.

Macho na taa vipangwe vipi?

Macho ya kaa hukaa juu ya vijiti vifupi, karibu karibu, mbele ya gamba. Mipira miwili ya tenisi ya meza ikitobolewa na kutiwa taa nyekundu za LED ndani hutoa mwanga laini unaoonekana kutoka mbali. Usiyafanye makubwa, kwa kuwa macho madogo ndiyo yanayoufanya mwili uonekane mkubwa. Vipapasio viwili virefu vya waya wa chuma uliozungushiwa utepe, vikipindwa nyuma, vitatikisika vyenyewe kila upepo ukipita.

Taa ya kumwangaza kaa mwenyewe iwekwe chini, ubavuni, nyuma ya kichaka au jiwe, ili kivuli cha magando kipande ukutani. Kivuli hicho hakigharimu chochote na ndicho kinachotisha. Taa ya mbele, usawa wa macho ya watu, humfanya kaa aonekane amebandikwa ukutani, na kila selotepu itajionyesha.

Tumia volti 12 peke yake ndani ya kaa, na umeme wa volti 230 ubaki mbali naye, ndani ya jengo. Utepe wa LED wa wati 10 huvuta chini kidogo ya ampea moja. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 ingeuwasha kwa saa saba au nane kwa hesabu ya karatasi, lakini betri ya risasi huharibika ikimalizwa, kwa hiyo panga saa tatu au nne na uichaji tena. Kama maonyesho yako ufukweni, taa zizimwe mara shughuli inapokwisha, kwa kuwa mwanga wa usiku huwapoteza njia kasa wadogo wanaotoka kwenye mayai na kutafuta bahari.

Gando linachezeshwaje?

Nenda gereji ukaulize mota ya waipa ya gari bovu. Inatumia volti 12, na ndani yake mna gia inayopunguza kasi na kuongeza nguvu, kwa hiyo huzunguka polepole kwa nguvu kubwa, na hivyo ndivyo kaa anavyotakiwa kwenda. Tumia kasi yake ndogo.

Funga kwenye mhimili wake mkono wa chuma wa sentimita 5. Ukizunguka, ncha yake itapanda na kushuka kwa jumla ya sentimita 10. Unganisha ncha hiyo kwa fimbo na mkono wa gando, mahali palipo sentimita 20 kutoka kwenye bawaba yake. Kama gando lina urefu wa mita moja kutoka bawabani hadi nchani, ncha itasafiri nusu mita. Ukitaka isafiri zaidi sogeza fimbo karibu na bawaba, lakini mota itaelemewa. Ndiyo maana nyuma ya bawaba hufungwa mfuko mdogo wa mchanga wa kulisawazisha gando, ili mota ifanye kazi ya kulisogeza tu na si ya kulibeba. Lisawazishe kwa mkono kwanza: ukiliachia katikati libaki hapo hapo.

Mota hii huvuta ampea kadhaa, na betri ya pikipiki haitamaliza nayo usiku. Tumia betri ya gari, au pawa saplai ya kompyuta kuukuu yenye waya wa volti 12, iliyowekwa pakavu. Tia fyuzi ya ampea 10 karibu na betri. Afadhali zaidi, weka swichi mkononi mwa mtu aliyefichwa, alichezeshe gando pale tu mgeni anapokaribia. Gando linalokwenda bila kusimama huzoeleka mara moja. Na liwe mbali, nyuma ya kamba, mahali mkono wa mtoto haufiki, kwa kuwa fimbo na bawaba zinaweza kuvunja kidole.

Upepo je?

Mwishoni mwa Oktoba kusi imekwisha kulegea na kaskazi bado haijatulia, na siku nyingi huwa shwari. Kinachoangusha maonyesho ni ule upepo wa ghafla unaotangulia mvua. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake, yaani kasi ikizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 7. Kaa wetu akitazamwa ubavuni ana mita moja na nusu ya mraba hivi, basi ni kilo 10 au 11. Upepo ukifika kilomita 72, hesabu hiyo inapanda hadi zaidi ya kilo 40, nazo zinasukuma juu, kwenye gamba, si chini.

Ndoo ya lita 20 ikijazwa mchanga mkavu ina uzito wa kilo 30 hivi. Weka mbili kwenye ubao wa chini ya meza, moja kila upande. Ufukweni vigingi havishiki. Badala yake fukia kiroba cha mchanga kwenye shimo la nusu mita, kikiwa kimefungwa kamba inayopanda hadi kwenye meza, na ufanye hivyo pembe mbili zinazotazamana. Ufukweni huko huko, angalia jedwali la maji kabla ya kuchagua mahali, kwa kuwa wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia takriban mita nne.

Naweza kuweka mshumaa au mwenge ndani yake kwa ajili ya mwanga?

Hapana. Ni karatasi, mianzi na rangi ya mafuta, na mara nyingi juu yake pana paa la makuti.

Nahitaji ruhusa ya nani?

Ndani ya kiwanja cha hoteli, idhini ya menejimenti inatosha, ingawa ni adabu kumwarifu sheha wa shehia ikiwa kutakuwa na muziki au watu wengi. Barabarani au kwenye uwanja wa umma, anza kwa sheha, kisha uende kwenye manispaa au baraza la mji linalohusika. Mji Mkongwe uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na huko Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ndiyo ya kuulizwa. Usigongelee msumari kwenye kuta za mawe na chokaa. Mfunge kaa kwenye meza yake mwenyewe, aondoke bila kuacha tundu.

Je, nimpambe kwa maboga yaliyochongwa?

Maboga ni ada ya Marekani. Ireland na Scotland walichonga turnipu. Kwa joto letu boga lililochongwa huoza upesi na kuita nzi, na boga ni la kupikwa kwa nazi. Vifuu vilivyotobolewa macho na mdomo, vikiwekewa taa ndogo za LED ndani, hukaa miaka.

Watoto wakiogopa sana?

Waonyeshwe mchana. Waacheni waguse mguu, waone meza nyeusi iliyo chini yake, na mkubwa wao abonyeze swichi ya gando akiwa na fundi pembeni. Usiku wengi watataka wao ndio wakae kwenye swichi.

Akimaliza kazi yake, nimweke wapi?

Mfungue siku inayofuata, kabla umande wa usiku mwingine haujamwingia. Toa betri na mota. Futa chumvi ya bahari kwa kitambaa chenye maji baridi na umwache kivulini akauke, kwa kuwa jua la moja kwa moja hupasua rangi. Boliti zote ziingizwe kwenye chupa moja na chupa ifungwe ndani ya meza. Adui wa gamba ni panya, wanaoupenda uji wa ngano, na mchwa, wanaoupenda mwanzi. Wote hao hupanda kutoka sakafuni, kwa hiyo ning'iniza gamba darini kwa waya, si kwa kamba, na miguu ifungwe mafungu na itundikwe kando yake. Kila baada ya miezi michache, hasa masika yakipita, mshushe na umgongegonge kwa kidole. Panapotoa sauti butu pana maji au pana mchwa. Kata sehemu hiyo, choma kipande kilicholiwa, na ubandike upya.

Asiyetaka kumhifadhi anaweza kumtoa kwa skuli au kikundi cha maigizo. Nyuma ya jukwaa, bila macho mekundu, kaa huyu ni mwamba mzuri sana.